Maswali ya Wasomaji: Kufunga pembe kwenye usukani wa kaboni

SWALI: Ndugu Mshauri, nimenunua baiskeli ya milimani iliyotumika, iliyoletwa kutoka Ujerumani, na usukani wake ni wa kaboni. Kila Jumamosi ninapanda kutoka Moshi mjini hadi Kibosho, na viganja vyangu hufa ganzi kwa kushika mahali pamoja muda wote. Nataka kufunga pembe za alumini kwenye ncha za usukani ili nipate mshiko wa pili. Fundi wangu anasema atazikaza kwa spana ya kawaida mpaka zisicheze kabisa. Je, ni salama?
Msomaji, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, umefanya vyema kuuliza kabla ya kazi kuanza. Pembe zinaweza kufungwa kwenye usukani wa kaboni ikiwa mtengenezaji wa usukani ameruhusu, lakini si kwa njia anayoipendekeza fundi wako.

Nyuzi za kaboni zilizoshikamanishwa kwa gundi ngumu huhimili vizuri sana kuvutwa na kupindwa, ndiyo maana usukani mwepesi kiasi hicho unaweza kubeba kifua cha mtu mzima kwenye njia ya mawe. Usichokipenda usukani huo ni kubanwa mahali padogo, hasa mdomoni, ambako ukuta wa bomba ni mwembamba na ndani yake hamna kitu cha kuuzuia usibonyee. Ni kama mwanzi: utaubebea mzigo mzito begani bila shida, lakini ukiubana mdomoni kwa jiliwa utapasuka kwa urefu. Tena alumini ikizidiwa mara nyingi hupinda kwanza, nawe ukapata kuona. Kaboni hukatika ghafla, pengine wiki nyingi baada ya siku ile ilipokazwa kupita kiasi.

Kwa hiyo anza kwa kusoma maandishi yaliyo kwenye usukani wenyewe, kisha utafute maelekezo ya mtengenezaji kwa jina na aina yake. Baadhi ya watengenezaji hukataza pembe moja kwa moja. Wengine huziruhusu kwa sharti kwamba uingize kizibo maalumu mdomoni mwa bomba, kinachouegemeza ukuta kutoka ndani. Kwa kuwa baiskeli yako imetumika na hujui imepitia nini, nakushauri kwa dhati kwamba maandishi yakiwa yamefutika, au aina ya usukani isipojulikana, uhesabu kuwa hairuhusiwi. Usukani wa alumini utakuongezea gramu mia moja hivi tu, na hilo ni badiliko dogo mno kulinganisha na meno yako. Zile pembe zinazoingia ndani ya bomba na kujitanua zinapokazwa usizitumie kabisa kwenye kaboni, kwa sababu husukuma ukuta kutoka ndani na kutenganisha matabaka yake.

Ikiwa ruhusa ipo, mwombe fundi avue mipira ya kushikia na kusogeza mikono ya breki na ya gia kuelekea katikati, ili ipatikane nafasi tupu inayotosha upana wote wa klampu, yaani ile pete ya pembe inayolibana bomba, ambao kwa kawaida ni kama sentimita 2. Klampu ikae yote juu ya bomba, na mdomo wa bomba ulingane na ukingo wake wa nje; ikiuma nusu tu ya nafasi yake, nguvu yote hukusanyika kwenye ukingo mmoja. Apitishe kidole ndani ya klampu, na akikuta ncha kali au mabaki ya chuma ayaondoe kwa tupa na msasa laini, kwani mkwaruzo mdogo kwenye kaboni ndio mwanzo wa ufa. Kisha asafishe bomba kwa spiriti na kupaka dawa maalumu ya kaboni, ile yenye chembechembe zinazoongeza mshiko ili klampu ishike bila kukazwa sana. Asipake grisi.

Kuhusu kukaza, hapa ndipo ninapotofautiana na fundi wako kabisa. Tumieni spana yenye kipimo cha nguvu ya kukaza. Pembe zikiwa zimeandikwa Nm 6 (Nm ni nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) na usukani umeandikwa Nm 5, kikomo chenu ni 5, kwa maana namba ndogo ndiyo inayotawala. Nm 5 ni nguvu ya uzito wa kilo 5 hivi ukining'inia kwenye ncha ya spana ya sentimita 10, kiasi ambacho fundi mwenye mkono mzito hukipita bila hata kuhisi. Akaze kidogo kidogo, kisha uisukume pembe kwa kiganja. Ikizunguka ilhali kikomo kimefikiwa, asiongeze nguvu; afungue, asafishe na kupaka dawa upya, na ikiendelea kuzunguka basi pembe hizo hazifai kwa usukani huo.

SWALI: Nilianguka msituni Karura na pembe ya kulia ikazunguka. Usukani ni wa kaboni na sioni ufa. Je, niirudishe tu mahali pake?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Pole sana kwa kuanguka. Usiirudishe kabla ya kuivua. Pembe kuzunguka ni afadhali kuliko kung'ang'ania, kwa sababu sehemu ya kishindo imeishia kwenye mzunguko huo badala ya kwenye bomba. Hata hivyo, ukingo wa ndani wa klampu huenda umelichimba bomba mahali ambapo macho hayafiki. Vua pembe na mpira wa kushikia, safisha, kisha uangalie kwenye mwanga wa jua kama kuna mstari mweupe, nyuzi zilizochomoza au mahali panapobonyea kwa kidole gumba. Gongagonga kwa sarafu kutoka shingo ya usukani hadi nchani. Mlio ukibadilika ghafla kutoka mkavu kuwa mzito, shuku kwamba matabaka yameachana. Hata mlio usipobadilika, mkwaruzo ambao ukucha unakwama ndani yake unatosha kuwa sababu ya kununua usukani mwingine. Huo wa zamani ukate vipande viwili kabla ya kuutupa, mtu mwingine asije akauokota na kuufunga kwenye baiskeli yake.