Kwa nini mkulima wa Muleba hamfikii saidia fundi wa Mwanza

Mkuu, umeuliza inakuwaje saidia fundi wa Mwanza amzidi kipato mwenye kibanja cha kahawa na migomba kijijini, na unahisi watu wa vijijini hawajitumi. Nimezaliwa Muleba, mkoani Kagera, kwenye familia ya kahawa, leo nakula kwa ujenzi hapa Mwanza. Suala la kujituma liweke pembeni kabisa.

Angalia hela inaingia lini. Saidia fundi analipwa jioni, akichelewa sana Jumamosi. Kahawa inalipa kwa msimu. Januari watoto wanataka sare, madaftari na michango, kahawa bado mbichi mtini. Hapo ndipo anapobisha hodi mtu wa butura: anakununulia kahawa ikiwa ingali mtini, kwa bei aliyoipanga yeye. Serikali inapiga marufuku, lakini mwenye fedha taslimu Januari hana mshindani. Baba aliuza hivyo mwaka nilioanza sekondari. Palizi tulifanya sisi, tukachuma sisi, tukaanika sisi, magunia yakabebwa na mwingine tunayatazama. Tena haiishii hapo, maana msimu ukifika huna cha kuuza, kwa hiyo Januari nyingine unauza na ule unaofuata.

Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulionyesha umaskini wa mahitaji ya msingi vijijini Tanzania Bara ni asilimia 31.3, mijini 15.8. Wengi hulieleza pengo hilo kwa elimu na viwanda, na wana hoja. Ila kwa niliyoyaona, mkulima anapoteza sehemu kubwa ya jasho lake kwa kulazimika kuuza wakati mbaya.

Mjini nako si neema. Kodi, nauli, mkaa, hata ndizi nanunua, na ukianguka kutoka jukwaa la ujenzi hakuna wa kukulipa. Lakini nikikwama leo, kesho asubuhi nasimama kijiweni natafuta kibarua kingine. Baba hakuwa na hiyo kesho asubuhi.

Mdogo wangu aliyebaki nyumbani hajagusa butura tangu kikundi chao cha kuweka na kukopa kihamishie mgao wa akiba Desemba. Hela yenyewe ndogo, ila inawavusha hadi mavuno, na kahawa yao inafika AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ikiwa bado yao. Kama una ndugu mkulima na huwa unamtumia chochote, usingoje Krismasi ya kwenda kula naye. Mtumie Januari.