Maswali ya Wasomaji: Injini ya Boti Kwenye Canter

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Canter yangu (injini 4D32) imekatika kranki na msimu wa korosho ndio huo unakuja. Kuna mtu ananiuzia Perkins 4.236 iliyotolewa kwenye boti ya uvuvi. Nikiifunga, itanishusha na mzigo kutoka Newala hadi Mtwara mjini?
Msomaji, Mikindani

JIBU: Itakushusha, ndugu yetu, ikifungwa kwa akili. 4.236 imetumika pia kwenye matrekta ya Massey Ferguson, kwa hiyo vipuri vingi vinaingiliana. Ila usitoe hela kabla ya kujua ni maji gani yalipita ndani ya bloku. Boti yenye kipozeo (kifaa kinachopoza maji ya injini kwa maji ya bahari) hupitisha maji ya bahari kwenye kipozeo tu, na bloku hubaki na maji yasiyo na chumvi. Ikiwa ilivuta maji ya chumvi moja kwa moja, achana nayo. Ng'oa plagi mbili za maji ubavuni mwa bloku, chokonoa kwa bisibisi. Kutu ikibanduka kwa magamba, kuta zimeshaliwa.

Kipozeo, pampu ya maji ya chumvi, giaboksi ya boti na eksozi ya mpira vyote vinatoka. Pampu ikiacha tundu kwenye kava la gia, lizibe kwa bamba na gasketi, la sivyo oili itamwagika hapo. Manifoldi ya eksozi ya boti huzungukwa na maji; weka manifoldi ya trekta isiyo na maji, maana ukiiacha, rejeta italazimika kubeba na joto la eksozi. Rejeta ya Canter ikiwa safi inatosha, kwani 4.236 ina nguvu ndogo kuliko 4D32. Injini ya boti haina feni, kwa hiyo tafuta pampu ya maji yenye sehemu ya kufungia feni, na usisahau kava la feni.

Flaiwili ya boti mara nyingi haina uso wa klachi. Chukua ya trekta au ya gari, kisha mchonga vyuma akuchongee bamba la kuunganisha na giaboksi ya Canter. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: bamba likipishana na katikati ya kranki kwa zaidi ya milimita 0.2, beringi ya mbele ya giaboksi hufa na pleti ya klachi huchanika kitovuni. Pima kwa saa ya fundi (kipimo cha mshale, 'dial gauge'), usikadirie kwa macho. Hakikisha pia mkiani mwa kranki kuna beringi ya kushika ncha ya shafti ya giaboksi.

Breki ndiyo inayotutia hofu zaidi. Canter yako hupata vakyumu ya busta (kisaidizi cha kukanyaga breki) kutoka pampu iliyo nyuma ya alteneta, na injini ya boti haina kitu hicho. Hamisha alteneta ya Canter yenyewe, uipelekee paipu ya oili kutoka kwenye bloku na nyingine ya kurudisha kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini). Bila hivyo pedali itakuwa ngumu kama jiwe, na mteremko wa Newala si mahali pa kuligundua hilo. Stata na solenoidi ya kuzima ziwe za volti 24 kama gari.

Mwendo utapungua. Canter iliyokwenda kilomita 90 kwa saa kwenye mizunguko 3,200 kwa dakika itakwenda 70 kwenye 2,500. Usimruhusu fundi afungue gavana (kidhibiti cha mizunguko ya injini) kuongeza, badilisha difu (gia za ekseli ya nyuma). Namba ya injini imo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo mabadiliko yapeleke TRA.

SWALI: Nimeshafunga injini ya boti kwenye lori langu. Stiki inaonyesha oili imejaa, lakini nikishuka mlima taa ya oili inawaka. Pampu imekufa?
Msomaji, Lindi

JIBU: Huenda pampu ni nzima. Botini injini hulala ikielekea nyuma, kwa hiyo stiki iliwekewa alama kwa mlalo huo, na mdomo wa kunyonya oili huwa nyuma ya sampo. Ukishuka, oili hukimbilia mbele na pampu hunyonya hewa. Simamisha gari leo, kabla beringi za kranki hazijaungua. Funga sampo na paipu ya kunyonyea za injini ya gari, mwaga oili yote, jaza kipimo kamili gari likiwa sawasawa, kisha chora alama mpya kwenye stiki.