Jibu: Kigoma tunatetemeka, mbona hatuna volkano?

Habari ndugu. Umeuliza kwa nini Ujiji nyumba hutikisika wakati volkano hakuna. Hata wanafunzi wangu huuliza hivyo, nami huwaambia waanze na ramani.

Tazama ziwa letu, Tanganyika: refu, jembamba, kina karibu mita 1,470. Hilo ni Bonde la Ufa, tawi la magharibi. Ardhi ya upande wetu na ya upande wa Congo zinaachana kwa milimita chache kwa mwaka. Lakini miamba haiachani taratibu. Hukwama, ikabeba nguvu miaka na miaka, halafu ikakatika ghafla. Ndilo tetemeko. Lile la Desemba 5, 2005, lenye ukubwa wa 6.8, lilianzia ziwani humu na likasikika hadi Nairobi.

Volkano hudai zaidi: miamba iyeyuke chini, kisha magma, yaani mwamba huo ulioyeyuka, ipate njia ya kupanda. Kwenye tawi hili imepanda kwenye mlima Nyiragongo kaskazini na mlima Rungwe kusini. Hapa kwetu ufa upo, magma haijafika juu.

Kwa hiyo usihangaike na moshi wa mlimani. Kagua kuta. Nyumba ya tofali za udongo isiyo na lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) ndiyo ya kuogopa, tafadhali anza na hiyo.