Ukitafuta kathodi ya ogania kwa betri ya zinki, anza na kuyeyuka

Wanafunzi wanaoingia kwenye utafiti huu huniuliza watengeneze molekuli gani ya ogania, yaani yenye msingi wa kaboni. Huwa nawajibu kwa swali: betri ikishaanza kazi, molekuli hiyo itabaki kwenye kathodi (upande chanya wa betri) au itahamia majini?

Kwenye hesabu kila kitu kinavutia. Zinki hubeba chaji ya 820 mAh (miliampia-saa) kwa gramu, na hufanya kazi ndani ya maji ya chumvi yasiyoshika moto. Upande wa pili, wa kathodi, zidisha 26,801 (mAh za moli moja ya elektroni) kwa idadi ya elektroni ambazo molekuli hupokea, gawanya kwa uzito wa molekuli: benzokwinoni, molekuli ndogo ya ogania inayopokea elektroni mbili, inakupa 496 mAh kwa gramu. Tatizo ni kwamba benzokwinoni huyeyuka majini, na ikishapokea elektroni na protoni ikawa haidrokwinoni, huyeyuka zaidi mara kadhaa. Kwa hiyo kuloweka unga wa molekuli ambayo bado haijapokea elektroni na kuona maji yamebaki bila rangi hakutoshi.

Mimi huishusha chaji kathodi, naifungua seli, kisha naitumbukiza kathodi hiyo kwenye chupa ndogo yenye salfeti ya zinki ya molari 2, maji ya chumvi ya betri. Kwanza pitisha nitrojeni majini kufukuza oksijeni, maana hewa inaweza kuigeuza molekuli ikarudi ilivyokuwa na kukudanganya. Iache siku kadhaa. Usitegemee macho pekee, kwani baadhi ya molekuli hupoteza rangi zikipokea elektroni. Pima maji kwa mwanga wa urujuanimno. Angalia pia karatasi ya nyuzi za kioo iliyokaa kati ya kathodi na zinki. Ikiwa na doa la manjano au kahawia, jibu umeshalipata.

Kundi la Chuo Kikuu cha Nankai, China, lilipotumia kaliksi[4]kwinoni (molekuli kubwa zaidi ya jamii ya kwinoni) mwaka 2018 lilipata 335 mAh kwa gramu, lakini lilihitaji utando wa Nafion, plastiki inayopitisha ayoni chanya, kuzuia kilichoyeyuka kisifike kwenye zinki. Kazi nzuri sana ile. Ila utando huo ni ghali, na sisi tulikimbilia zinki kwa sababu ya unafuu.

Jihadhari na matokeo ya maelfu ya mizunguko ya kuchaji na kushusha chaji inayopigwa kwa mkondo mkubwa. Seli inachaji na kuisha kwa dakika chache, molekuli haipati muda wa kutoroka. Pima kwa mkondo mdogo pia, na uiache seli ipumzike siku moja ikiwa imejaa, siku nyingine ikiwa tupu.

Ukiona vipande bapa vya fuwele juu ya kathodi iliyoshuka chaji, usivishangilie kama zinki iliyoingia kwenye molekuli. Mara nyingi ni salfeti haidroksidi ya zinki: protoni zimeingia, maji yamepoteza asidi, chumvi ikaganda.

Na unapoandika matokeo, taja kaboni uliyochanganya na miligramu za molekuli kwa kila sentimita ya mraba. Miligramu moja iliyozama kwenye kaboni nyingi hufanya kazi vizuri karibu kwa kila molekuli, kwa hiyo peke yake haithibitishi kitu.