Mbunifu wa UX akipewa kazi aanzie wapi? Jibu kwa mdau wa Urambo

Mkuu, umeuliza jambo la msingi. Umepewa kazi ya kubuni programu ya simu ya chama cha ushirika cha wakulima wa tumbaku, na hujui kama ufungue Figma, ile programu ya kuchorea skrini kwenye kompyuta, uanze kuchora au kuna hatua za kutangulia. Mimi nafanya kazi hii ya UX, yaani kubuni programu iwe rahisi kwa anayeitumia, hapa Kigoma, kwa hiyo nitakujibu kwa kazi niliyoifanya kwenye mwalo wa Kibirizi.

Figma iache kwanza. Nenda ukakae ghalani siku ya soko, tumbaku ikipangwa madaraja na kupimwa. Usiulize "ungependa programu iwe na nini?" Ukiuliza hivyo, mtu atakutajia chochote ili akuridhishe. Mwombe akuonyeshe alivyouza mara ya mwisho: alipewa karatasi gani, kaiweka wapi, alimpigia nani simu kuuliza malipo.

Kule Kibirizi, aliyenipa kazi alitaka programu ya kuhesabu mzigo, itumiwe na akina mama wanaonunua dagaa mwaloni, wakawaanika na kuwauza. Nikakaa na mama mmoja pembeni ya chanja zake, nikamwomba anifungulie daftari. Mzigo haukuandikwa popote, anaujua kwa kuutupia jicho tu. Kurasa zote zilijaa majina na pesa: nani kachukua, kalipa ngapi, bado ngapi. Aliyemaliza deni anapigiwa mstari, ila jina linaachwa lisomeke, maana akirudi kukopa mama anataka kujua safari iliyopita alilipaje. Kazi nzima ikageukia hapo. Tukabuni daftari la madeni, na deni lililolipwa halifutiki.

Mwaloni utaona na mengine ambayo ofisini hayaonekani. Kidole chenye maji ya dagaa skrini haikisikii vizuri, na jua la saa saba linameza maandishi ya kijivu. Saa nayo: simu inaandika 20:00, mama anasema saa mbili usiku, kwa hiyo tukaweka alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku achague. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wengi wanapumzika. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Programu inayomsumbua mtu kila siku kwamba hajaandika kitu, kipindi kama hicho ni kero tupu. Tumbaku nayo ina msimu wake, lifikirie hilo mapema.

Baada ya hapo chora, lakini kwenye karatasi. Kata vipande vya ukubwa wa simu, chora kwa kalamu nene, mtu agonge kwa kidole na wewe umbadilishie karatasi. Mpe jambo la kufanya: "Mteja wako kakulipa elfu kumi, iandike." Kisha nyamaza, hata akikwama. Angalia kidole kinasita wapi. Yule mama kidole chake kilikwenda moja kwa moja kwenye jina la mdaiwa, kitufe cha "Malipo" kule chini hakukigusa kabisa, tukakiondoa. Tena karatasi watu wanaikosoa bila haya. Ukimletea skrini inayong'aa anaona umeshamaliza, atakusifia tu na hutajifunza kitu.

Idadi ya watu wa kujaribu nao isikutishe. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima urahisi wa matumizi, aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 wanatosha kukuonyesha sehemu kubwa ya matatizo, na kwamba ni heri kujaribu na wachache, ukarekebisha, ukajaribu tena, kuliko kukusanya wengi kwa mkupuo. Kwangu imekuwa kweli.

Figma ifungue sasa, itakwenda haraka kwa sababu maamuzi mazito yameshafanyika. Na anayekulipa mchukue mwende naye ghalani. Wangu alipoliona lile daftari kwa macho yake, habari ya kuhesabu mzigo hakuirudia tena.

Kwa kazi yako, la kwanza kabisa ujue simu itashikwa na nani: mkulima mwenyewe au karani wa chama. Kama ni mkulima na wengi wana simu za vitochi, pengine kinachotakiwa ni ujumbe mfupi unaomwambia kilo zake, daraja na malipo yamefikia wapi, na programu akabaki nayo karani. Ukishalijua hilo, piga picha michoro yako ya karatasi uiweke hapa tuiangalie.