Changamoto ya rupia 3

Swali: Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa darasa la sita hapa Nachingwea ameandika kwenye daftari la historia: "Wakati wa Wajerumani wazee wetu walikabiliwa na changamoto ya kulipa kodi ya nyumba." Kisha akaniuliza, hizo nyumba zilikuwa za nani hata wazee wakazilipia kodi? Nikakwama. Mimi kodi ya nyumba naijua ile ninayompelekea mwenye nyumba wangu. Je, hapo hapakustahili neno ushuru?

Marahaba. Nianze na lililo jepesi. Neno kodi lina mifuko miwili. Mmoja ni wa malipo yanayokwenda serikalini, mwingine ni wa malipo ya kutumia kitu cha mwenzio, ndiyo maana tunakodi baiskeli, turubai na viti vya harusi. Unachompelekea mwenye nyumba wako kimo katika mfuko huo wa pili. Ukikiita kodi ya nyumba hakuna atakayekushangaa, ingawa sisi wenye roho ngumu tunapenda kusema kodi ya pango, kwa kuwa nyumba haikodiwi, hupangwa.

Ya Mjerumani ilikuwa ya mfuko wa kwanza. Alitoza nyumba uliyoijenga mwenyewe, kwa miti uliyoikata mwenyewe na udongo uliouponda kwa miguu yako. Amri ilitoka 1897, makusanyo yakaanza mwaka uliofuata, na huko vijijini nyumba moja ilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Mwanao ameuliza jambo ambalo wazee wa Lindi waliliuliza kabla yake, nao hawakujibiwa kwa maneno. Ushuru ni Kiarabu, asili yake sehemu ya kumi, na hufuata bidhaa inapopita au inapouzwa: forodhani, sokoni, mnadani. Korosho hukatwa ushuru. Nyumba hulipiwa kodi. Mtoto kapatia.

Swali limekwisha, lakini daftari lile silirudishi bado.

"Walikabiliwa na changamoto." Mzazi mwenzangu, hivi wewe hukuliona hilo? Umeshtushwa na kodi, ukalipita hili dude limelala mlangoni. Simlaumu mtoto, kalisikia kwa mwalimu, mwalimu kalisikia redioni, na redioni limetoka kwenye hotuba. Siku hizi ukosefu wa maji ni changamoto, wizi ni changamoto, na mgonjwa wa tumbo naye anamwambia daktari ana changamoto ya tumbo. Nimehudhuria msiba Mikindani, msemaji wa familia akatutangazia kwamba marehemu alikuwa na changamoto ya muda mrefu. Tukatazamana. Alikuwa na deni, ugonjwa, au mke wa pili?

Mzizi wake ni ule wa kuchangamka. Changamoto ni jambo linalokuchokoza ukaamka na kujaribu uwezo wako. Namungo ya Ruangwa ilipopanda Ligi Kuu 2019, kukutana na Simba na Yanga ilikuwa changamoto, na hapo neno limekaa mahali pake, kwa sababu ukishindwa unarudi mazoezini. Kiboko cha Mjerumani hakikurudishi mazoezini. Wazee walikuwa na jina lake kabisa, hamsa ishirini, yaani viboko 25, na aliyelala chini kuvipokea sidhani kama alichangamka.

Sasa nikupe mfano ninaoupenda. Watu wangu wa nyumbani wameuchoka, kwa hiyo uvumilie wewe. Mwaka 1890 Machemba, mtawala wa Kiyao aliyekuwa kwenye nyanda za Makonde, aliitwa na Hermann von Wissmann, kamishna wa Wajerumani, aende kujisalimisha. Akajibu kwa barua, tena kwa Kiswahili. Alisema ameyasikia maneno, ila haoni sababu ya kumtii. Akitakiwa urafiki yu tayari, akitakiwa vita yu tayari pia, lakini kuwa raia wake, hapana. Haji, mwenye nguvu na amfuate. Sasa mpe barua hiyo mwandishi wa taarifa wa leo aisafishe: "Kutokana na changamoto zilizo nje ya uwezo wetu, ofisi ya Machemba inasikitika kukujulisha kwamba ushiriki wake katika zoezi la kujisalimisha hautawezekana kwa sasa." Wissmann angeisoma akadhani mzee anaumwa mguu, akamtumia dawa.

Machemba hakuwa na changamoto. Alikuwa na adui, akamtaja. Hata 1899, kodi ya nyumba ilipomfikia, aliikataa, na jeshi lilipokuja akavuka Ruvuma kwenda Msumbiji. Unaweza kusema alishindwa. Huwezi kusema hakueleweka.

Hapo ndipo kinapotoka kisirani changu na neno hili. Dhuluma ina mdhulumu, na deni lina mdai ambaye unaweza kumwonyesha kwa kidole. Changamoto haina mwenyewe. Inajitokeza tu, kama ukungu wa asubuhi kule Newala, na ukungu hakuna anayeupeleka baraza la wazee. Sentensi ya mwanao ina wazee, ina kodi, ina nyumba, lakini waliotoza hawamo. Wajerumani wenyewe wametajwa kama majira ya mwaka, mithili ya kusema "wakati wa masika."

Mwendelezo wa somo lao unanitia hofu zaidi. Watafika Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, Julai 1905. Watu walikuwa wakilimishwa pamba kwa amri ya Gavana von Götzen, wakisimamiwa na akida na jumbe, huku mashamba yao ya chakula yakisongwa na magugu. Siku moja wakaing'oa ile miche. Vita vya Maji Maji vikaanzia kwenye kung'oa, kitenzi ambacho hata mtoto wa chekechea anakijua. Vikaenea hadi Liwale, Masasi na Songea, na Wajerumani wakavizima kwa kuchoma vijiji na maghala mpaka njaa ikamaliza kazi. Waliokufa, kwa hesabu ya Wajerumani wenyewe, ni 75,000. Wapo wanahistoria wanaokadiria 250,000 hadi 300,000. Naomba nisiishi kuona daftari lililoandikwa kwamba wananchi wa kusini walipitia changamoto ya chakula.

Basi mrekebishie hivi: "Wajerumani waliwatoza wazee wetu kodi ya nyumba, rupia 3 kwa mwaka, kwa nyumba walizojijengea wenyewe." Ni ndefu kidogo, ila mtoza yumo na mtozwa yumo. Mwalimu akimkata alama, mwambie aniandikie, nina nafasi.

Neno lenyewe sitalifukuza, limeshakuwa na wajukuu. Juzi mke wangu alinisomea ujumbe niliomtumia fundi wa paa: "Kijana wangu, kuna changamoto ya kuvuja." Mwandiko ni wangu, sikuweza kukana. Na wiki iliyopita niliona tangazo kwenye ofisi moja hapa Mtwara, kwamba Alhamisi ni siku ya kusikiliza changamoto za wananchi. Nikaenda na yangu, karatasi za kiwanja, nikakaa kwenye benchi tangu saa mbili. Saa sita akatoka binti mpole sana, akaniambia: "Babu, utusamehe, mhusika leo hakufika. Amepata changamoto."