Vitabu vya mapishi ya wanga mdogo kwa mama mwenye sukari

Dada, anza na Kenya Food Recipes, kilichotolewa 2018 na Serikali ya Kenya pamoja na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Kinapakuliwa bure, na mapishi yake yameandikiwa viwango vya wanga, mafuta na protini. Si kitabu cha kupunguza wanga, hata chapati zimo, lakini hesabu iko wazi na ni vyakula vyetu, kwa hiyo unachagua mwenyewe.

Vya nje, fungua pishi moja kabla hujalipa. Kisichotaja gramu za wanga kwa mlo kiache, hata jalada lisifie afya vipi. Angalia pia kilikotoka: kwa kawaida Marekani huhesabu nyuzinyuzi ndani ya wanga, Uingereza huzitoa, ndiyo maana namba za chakula kilekile hazilingani. Halafu vingi vinataka unga wa lozi kila ukurasa, na bei yake hapa Mombasa inauma. Huna haja nao. Samaki wa kupaka na mchicha wa nazi havina wanga mwingi. Mzigo uko kwenye wali unaowekwa kando, takriban gramu 28 za wanga kwa kila gramu 100 za wali mweupe uliopikwa. Nyumbani nampikia mzee wangu mchuzi uleule wa wote, ila sahani yake mboga ndiyo inajaa na wali unakuwa kidogo pembeni.

Kama mama anatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, muone daktari wake kabla ya kumpunguzia wanga. Dozi ikibaki ileile, sukari inaweza kushuka vibaya.